Kwa Mjomba, Uliyewakusanya Mbuzi Ishirini na Saba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, kama nilivyojiitikia zile siku ulizonikasirikia ukapita mlangoni kwa mama bila kugeuza shingo. Nilikuwa nasema shikamoo, halafu natengeneza sauti nzito kama yako na kujijibu, na mama anacheka ndani. Nadhani ulikuwa unasikia.

Nakuandikia nikiwa Bigwa, karatasi nimeiweka juu ya lile sanduku la chupa ulilokuwa ukilikalia ukija. Kesho asubuhi napanda kwenda Kinole kwenye sadaka yako. Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka, na wanaojua kusoma wawasomee wasiojua. Yaliyosemwa juu yangu yalisemwa mbele za watu. Sioni kwa nini majibu yake yapelekwe kwa kunong'ona.

Nianze na mazuri, kwa sababu nimeyahesabu na ni mengi zaidi.

Nilikuwa na miaka saba ulipokuja kwa mama asubuhi, ukaniita nichuchumae pamoja nawe mbele ya banda. Nilidhani kuna nyoka. Ukanionyesha mavi ya mbuzi. "Usimtazame mbuzi usoni kwanza," ukasema. "Usoni atakudanganya. Tazama alichoacha chini." Tukazitazama zile punje kama watu wanaochambua maharage. Zikiwa kavu na zimeachana, mbuzi yu mzima. Zikishikana, kaa macho. Zikiwa uji, mtafute mwenye mkia mchafu na umtenge kabla hujanywa chai yako. Halafu ukamshika jike mmoja kichwa, ukamvuta kope la chini kwa kidole gumba.

"Rangi gani hiyo?"

"Nyekundu, Mjomba."

"Nyekundu ya nini? Nyekundu ziko nyingi."

Nikafikiri. "Ya ndani ya pera."

Ulicheka mpaka mbuzi akakuponyoka. "Haya, mama, umeshinda. Ikiwa ya ndani ya pera, mbuzi mzima. Ikiwa ya ndani ya ndizi, basi minyoo inamnywa damu, na siku zake unaweza kuzihesabu." Mpaka leo watu wa Bigwa wananiita niwatazamie mbuzi wao, na nikiwafunua macho naona mapera na ndizi. Sijawaambia nilikoyatoa.

Nakumbuka na asubuhi ile jike la mama, lile la madoa, lilipoingia kwenye maharage ya jirani yakiwa bado na umande. Tulipolikuta ubavu wake wa kushoto ulikuwa umeinuka na kukaza kama ngoma, limetanua miguu, linahema kwa shida. Mama alishaanza kutafuta kisu, akitaka lichinjwe kabla halijafa. Wewe ukakata kijiti, ukakilaza mdomoni mwa mbuzi kama hatamu, ukakifunga kwa kamba nyuma ya pembe ili aendelee kutafuna na mdomo usifumbe. Ukamnywesha mafuta ya ufuta taratibu, kwa pembeni, usije ukamjaza mapafu. Kisha ukanipa mimi kamba nimpandishe kilimani, kichwa juu, wewe nyuma unamsugua ubavu na kumbembeleza: "Toa, mama, toa. Hapa hakuna mgeni. Sote ni wa nyumbani." Tulipofika kwenye migomba ya juu akatoa cheu ndefu yenye harufu mbaya sijapata kuisikia tena. Ukavua kofia ukamwinamia. "Umesikia, Tekla? Huyo ndivyo anavyosema ahsante."

Kuna na masika ya matope, kwato zinaoza, unanifundisha kuzikata kwa kisu kidogo mpaka pale palipo safi na si zaidi, na kuninusisha ile harufu ili nisiisahau. Kuna siku uliponishika mkono nisimkamue mbuzi mwenye kiwele cha moto kabla ya wazima, kwa sababu mikono yangu ndiyo ingepeleka ugonjwa. "Mgonjwa awe wa mwisho," ulisema. "Kwenye kukamua, kwenye maji, kwenye kila kitu. Awe wa mwisho." Maneno hayo yalikuwa yako, Mjomba. Nataka yakae hapa karatasini, maana nitayarudia.

Nilipofika miaka kumi na minne, vita vimekwisha, ndiwe uliyekubali niende mjini kufanya kazi nyumbani kwa bwana mifugo. Baba alikuwa amesita, lakini sisi tunajua neno la mwisho juu ya mtoto wa dada ni la nani. Ulinibebea mzigo wangu mwenyewe, ukateremka nami mpaka hapa Bigwa, na kabla ya kuniacha ukasema, "Ukiona kitu cha mbuzi ambacho mimi sikijui, nileteee." Nimeiandika ile e ya mwisho ndefu kama ulivyoitamka. Hukuwa unatania.

Miaka mitatu niliosha chupa. Bwana mifugo alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hakunificha kitu nilipouliza, na mimi niliuliza. Nilijifunza hesabu kwenye chupa kabla sijaijua kwenye daftari. Mrututu, yale mawe ya buluu, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa painti moja ya maji. Mbuzi mkubwa aunsi tatu, mtoto aunsi moja. Usiukoroge kwenye debe wala sufuria, maana unakula chuma na dawa inaharibika. Tumia chupa au chungu. Na jambo moja alilirudia mara nyingi: angalia kondoo. Kondoo havumilii mrututu kama mbuzi. Ukikosea kipimo, wa kwanza kufa ni kondoo.

Nikarudi nyumbani na chupa mbili, kijiko, na mrututu uliofungwa kwenye kitambaa. Nilikuletea, Mjomba. Kama ulivyoniagiza.

Masika yalikuwa marefu mwaka ule. Mbuzi wa mama walikuwa tisa, na kope zao zilikuwa ndizi tupu. Wawili walishaota uvimbe chini ya taya, ule unaoonekana kama mbuzi amebeba kifuko cha maji. Nikawanywesha: wakubwa sita, aunsi kumi na nane, watoto watatu, aunsi tatu. Kondoo wa mama walikuwa watatu, nao nikawapa aunsi tisa. Jumla aunsi thelathini, yaani painti moja na nusu, na chupani hakikubaki kitu wala hakikupungua kitu. Wewe ulisimama mlangoni unatazama, mikono nyuma. Ulisema, "Rangi hiyo kama ya sketi ya shule." Ukaondoka. Nikajua umependa.

Wiki mbili baadaye macho yalianza kurudi kwenye pera. Na wiki hiyohiyo ndiyo ulipotangaza sadaka ya ukoo. Padri hakulipenda neno tambiko, kwa hiyo tuliiita sadaka, na yeye akajifanya haelewi, nasi tukajifanya hatujui kwamba anaelewa.

Asiye wa kwetu anayesoma hapa aelezwe. Mbuzi wa ukoo wetu hawakai mahali pamoja. Mjomba huwagawa kwa dada zake, nyumba hii wachache, nyumba ile wachache, kando ya mlima. Kwa ugonjwa wa mbuzi sijaona mpango mzuri kuliko huo, na sidhani kama wazee waliouanzisha walimsubiri bwana mifugo awaambie. Lakini ikifika sadaka, mbuzi wa kutolewa lazima awe hana ila: pembe mbili nzima, masikio hayajachanika, rangi moja, hachechemei. Na ili achaguliwe, Mjomba huagiza wote waletwe uani kwake, awaone wamesimama pamoja. Mpango wote wa kuwatawanya unavunjwa kwa siku tatu ili apatikane mbuzi mmoja mzuri.

Walikuja kutoka nyumba tano. Niliwahesabu wakiingia: ishirini na saba. Wa mwisho kufika walikuwa wa mama mdogo Agata, kutoka ile nyumba ya chini kabisa, na kati yao kulikuwa na beberu mwekundu ambaye mumewe alimtoa mnadani tambarare. Beberu alikohoa pale getini. Akatanua miguu ya mbele, akanyoosha shingo, akakohoa tena. Puani alikuwa na makamasi.

Nilikuja kwako mbio. Ulikuwa umekaa na wazee na mtani wetu, Mzee Kibwana, wa ule ukoo unaotuzika na kutucheka.

"Mjomba, yule beberu mwekundu asiingie."

"Kwa nini?"

"Anakohoa. Ni mapafu. Nimewaona mjini wa namna hii. Akilala na wenzake siku tatu, atawapa wote."

Kibwana akadakia, "Na mimi nakohoa tangu Jumapili. Nikalale wapi, Bibi Mganga?"

Wazee wakacheka. Wewe hukucheka. Ulinitazama, na nilidhani unapima. "Mvua imemlowesha njiani," ukasema. "Kila nyumba lazima ionekane. Nikimwacha mbuzi wa Agata nje, nimemwacha Agata nje."

"Mjomba, si ulisema mgonjwa awe wa mwisho?"

"Tekla." Ukasema jina langu tu, hivyo, mbele za watu. Nikarudi getini, nikamtazama beberu akiingia.

Mvua ilinyesha siku zote tatu. Mbuzi walibanana chini ya paa moja, pua kwa pua. Jumamosi mmoja akachinjwa, mweusi wa nyumba ya juu, na ishirini na sita wakarudishwa, kila mmoja kwenye nyumba yake, wamebeba walichopewa. Hata mtu aliyekaa akafikiria jinsi ya kuusambaza ugonjwa ule asingeweza kupanga vizuri zaidi.

Beberu mwekundu alikufa siku ya tisa. Baada yake wakaanza wengine, nyumba kwa nyumba: homa, kuhema kwa mdomo, viwiko vimetanuliwa, mbuzi anasimama hataki hata kulala kwa sababu kulala kunamuuma. Kwa majuma matano walikufa ishirini. Mmoja wa mama nilimpasua mbele yako. Nilikuonyesha pafu la upande mmoja limekuwa gumu kama ini, limegandia kwenye mbavu, na maji ya njano kifuani. Upande wa pili pafu jekundu, laini, halina neno. Uliligusa kwa kidole. Ukanawa mikono muda mrefu sana.

Halafu likaja baraza la ukoo. Watu walikuwa na uchungu, wanataka kujua ni nini kimeua. Mtu mmoja akasema dawa ya buluu. Nilikutazama. Ulikuwa na neno moja tu la kusema na ungelizima lile. Badala yake ukasema, "Yule mtoto alileta dawa ya mjini. Hatuijui. Isirudi tena kwenye mbuzi wa ukoo."

Hesabu nilikuwa nayo kichwani palepale, na ulinizuia nisiitoe. Basi naitoa sasa. Waliokunywa mrututu walikuwa tisa, wakafa saba. Wasiokunywa walikuwa kumi na saba, wakafa kumi na watatu. Katika kila wanne walikufa kama watatu, aliyekunywa na asiyekunywa. Na kondoo watatu walikunywa chupa ileile, wao ambao sumu ingewaangusha kwanza. Kondoo walikufa wangapi, Mjomba? Hakuna. Homa ile haiwagusi kondoo. Mtoto wa darasa la pili angeliona jibu.

Kuanzia siku hiyo niliitwa Bibi Mrututu. Kisimani wanawake walisema, "Fungeni mbuzi, Bibi Mrututu kaja kuteka maji." Waliokuwa wakiniita niwatazamie kwato wakaacha. Mama hakubishana na mtu. Alikuwa amebakiwa na mbuzi wawili katika tisa, na siku moja akanipa kamba zao zote mbili. "Hawa wamekunywa dawa yako na wako hai," akasema. "Nenda nao mahali ambapo watu wanajua kuhesabu."

Ndivyo nilivyofika Bigwa. Hakuna aliyenipa kitu zaidi ya hao wawili. Niliwaweka mbali na mbuzi wa watu miezi mitatu kamili, kwa sababu mbuzi aliyepona anaweza kuwa bado anao ugonjwa, na mimi sikutaka kuwa beberu mwekundu wa mtu mwingine. Nililima mchicha, nikabeba maji, nikaosha chupa tena. Pole pole watu wakaanza kuja: huyu mbuzi wake ana ukurutu, yule kondo la nyuma halijatoka. Nilisema ukweli kila mara. Nikijua nilisema najua, nisipojua nilisema sijui. Hiyo ndiyo dawa iliyonijengea nyumba hii ya vyumba viwili.

Mwaka wa tatu, asubuhi, nikasikia hodi ninayoifahamu. Ulikuwa umesimama na lile koti lako la kaki lisilo na kifungo cha katikati, na ndani ya koti kichwa cha mtoto wa mbuzi kimechungulia.

"Nimepita tu," ukasema.

"Umepita kutoka Kinole?"

"Nilikuwa naelekea mjini."

"Na mbuzi anaelekea mjini kufanya nini?"

Ukamtazama kama ndiyo kwanza unamwona. "Huyu? Viungo vimemvimba. Nikasema, kwa kuwa napita."

Kitovu chake kilikuwa kimeoza. Ugonjwa uliingilia hapo siku ya kuzaliwa ukashukia magotini. Nikakusafishia, nikakueleza kwamba kitovu kipakwe aidini siku ileile, nikakufungia kichupa. Ulisikiliza kama mwanafunzi. Ulipokunywa chai ukaaga. Jambo lenyewe hukulitaja.

Ulikuja mara kumi na moja, Mjomba, katika miaka sita. Nilizihesabu zote. Vidonda vya mdomo mara mbili, kwato mara mbili, kiwele mara moja, ukurutu, uharo, jicho lililochomwa na mwiba. Mara moja mwaka ule wa matuta, umechoka na mikono imechubuka kwa kuchimba ngazi mlimani kwa amri ya serikali, ukaleta mbuzi aliyevunjika mguu kwa kuanguka kwenye tuta hilohilo, nasi tukacheka kwamba na yeye amekataa kazi. Kila ulipokuja nilipika chai nikasubiri. Niliposikia unakohoa kidogo, kama mtu anayetengeneza koo, nikaweka kikombe chini. Ukasema, "Sukari hii ni ya wapi?"

Mara ya kumi na moja ulileta jike jeupe. Nikamtazama mavi, nikamfunua kope, nikambonyeza ubavu, nikamsikiliza mgongoni kwa sikio langu, nikampekua kwato zote nne.

"Mjomba, huyu mbuzi mzima."

"Mchunguze vizuri."

Nikaanza upya tangu kichwani. Nilichukua muda mara mbili ya ule wa kwanza. Wewe ulikaa juu ya sanduku la chupa, mikono magotini, unanitazama ninavyofanya kazi.

"Huyu hana ugonjwa wowote," nikasema.

"Ahaa," ukasema. "Vizuri basi." Ukakunja kamba, ukainuka, ukapanda mlima wote ule na mbuzi wako mzima. Nilibaki nimeshika mlango. Nilijua ulichokuwa umeleta. Nilijua pia kwamba umeondoka nacho.

Majuma matatu baadaye wakaja kuniambia umefariki.

Sasa nikueleze ya msibani, kwani hukuyaona, ingawa nahisi unayajua kuliko mimi. Siku ya tatu, uani kwako, watu wamejaa, wazee walishaanza kupanga sadaka yako na kuagiza mbuzi wa nyumba zote tano waletwe hapo wachaguliwe. Nilikuwa nimekaa na wanawake. Nilisikia kila neno. Nilitaka kusimama na nikajua nitakavyoitwa nikisimama.

Hapo akatokea Kibwana kutoka chumbani mwako amevaa koti lako. Amejaza furushi la kitambaa tumboni, mikono nyuma, anatembea kama wewe, kisigino kwanza, kidevu juu. Watani ndiyo kazi yao kumwiga marehemu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na machozi yao.

"Mimi ndiye mkubwa wa ukoo!" akanguruma. "Leteni mbuzi wote niwaone! Wanaokohoa wakae mbele, wasije wakajisikia wapweke!"

Kicheko. Hata mama alicheka. Kibwana akakohoa kama beberu, akanyoosha shingo, akazunguka ua wote, akamnusa mzee mmoja kichwani. "Huyu ana ila, ana kipara. Hatolewi." Kisha akaja mpaka mbele yangu akasimama. Mikono bado nyuma. Lakini sauti ilishuka.

"Tekla, mpwa wangu. Mbuzi wale niliwaua mimi. Haikuwa mrututu. Ulinikataza, na mimi nikawakusanya."

Kicheko kiliisha kama kilichomwagiwa maji. Kibwana akavua kofia yako.

"Jamani, hayo si yangu," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Yangu yameishia kwenye kipara. Hayo alinipa mwenyewe masika haya. Alinikamata njiani, akaniambia, Kibwana, nikifa utavaa koti langu, na ukishalivaa useme hivi. Nikamwambia, we mzee mjinga, mdomo si unao? Sema mwenyewe. Akanijibu, mdomo huu ndio uliosema lile la kwanza."

Nilisimama. Nilidhani nitalia, na badala yake nikasikia nasema, "Rudia. Wa nyuma hawakusikia."

Akarudia. Nikamwambia na wale wa upande wa jikoni nao hawakusikia. Akarudia tena. Mara tatu, Mjomba, kwa koti lako na kidevu chako. Halafu akadai ujira wake, kama mtani lazima adai. "Nataka mbuzi. Na asiwe na kikohozi, mimi nimesoma."

Nimefikiri sana tangu siku hiyo. Najua kwa nini hukusema ukweli barazani. Ungesema mkusanyiko ndio umeua, watu wangesikia sadaka ndiyo imeua, na wewe ndiye uliyeishika kwa niaba ya waliotangulia. Ukaona ni rahisi kumtwisha mtoto mmoja mwenye chupa kuliko kuwatikisa wazee wote, walio hai na wafu. Naelewa. Lakini sikubali. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilikuletea ulichoniagiza. Na ile siku ya jike jeupe tulikuwa wawili tu. Hakukuwa na baraza. Ungelisema ningekupikia chai nyingine, basi.

Hasira hii ninayo na sitaifuta ili barua iwe nzuri. Inakaa nyumba moja na mapera na ndizi, na ile cheu kwenye migomba, na kofia yako umeivua kumshukuru mbuzi. Nimeona vinaweza kukaa pamoja.

Mbuzi hawakukusanywa. Baada ya Kibwana kukaa, mama alisema tu, "Tekla atazunguka," na wazee wakakubali. Nikazunguka. Siku mbili, nyumba tano, mbuzi ishirini na wawili, na kila nilipotoka nyumba moja nilinawa mikono na miguu kwa sabuni kabla ya kuingia nyingine. Mchaguliwa anatoka nyumba ya juu: mweusi, pembe mbili, masikio mazima, kope kama ndani ya pera. Ungempenda.

Nyumba ya Agata nimeiacha mwisho, nawe unajua sababu. Nikakuta jike mmoja anakohoa. Nilimwekea sikio mbavuni muda mrefu. Sijui bado, Mjomba. Inaweza kuwa vumbi la makapi, inaweza kuwa minyoo ya mapafu, inaweza kuwa ile. Nimewaambia wamtenge yeye na wote wa nyumba ile, asitoke mbuzi wala asiingie mbuzi. Leo ni siku ya kumi na mbili. Agata aliniuliza kwa unyonge, "Kwa hiyo nyumba yangu haitaonekana kwenye sadaka?" Nikamwambia itaonekana. Kesho atakaa mbele kabisa, karibu na kaburi, na kamba tupu mkononi.

Nimehesabu jambo moja la mwisho. Nimelibeba jina lile miaka tisa. Ulisema kosa lako mara tatu. Kwa mwaka mmoja mara moja, zimebaki sita. Kibwana amejitolea kuzimaliza, bei yake mbuzi mmoja kila mara. Nimemkatalia. Hizo sita nimekusamehe, Mjomba.

Pumzika. Mbuzi wako walio uani niliwasikiliza mmoja mmoja kabla sijaondoka. Wanapumua vizuri. Yule jike jeupe nilimchunguza mara mbili.

Mpwa wako wa Bigwa,
Tekla, Bibi Mrututu